Hasara Nayo Ina Daftari Lake

Mwaka 2016 nilikodi ekari moja ya bondeni huko Ilula, wilaya ya Kilolo, nikapanda nyanya za kiangazi. Anayeijua barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa anaijua Ilula. Ukishamaliza kona za mlima Kitonga na kwenda mbele kidogo, unaanza kuona matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami na malori yanapakia. Sikuwa mgeni wa eneo lile. Mama yangu ni mzaliwa wa Kilolo, na tangu utoto nimeona watu wakisomesha watoto kwa vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo Wahehe hulima mvua zikishaondoka, udongo ukiwa bado na unyevu. Mimi niliongeza pampu, mbegu bora na mkopo.

Mpango ulikuwa umenyooka. Nyumba yangu mjini Iringa ilikuwa imefika kwenye lenta ikasimama hapo. Kuta za matofali ya kuchoma zilikuwa zimekamilika, bati hakuna. Nyanya za msimu wa kwanza zingelipa mkopo, za msimu wa pili zingeezeka nyumba, na mama angehamia mjini karibu na hospitali. Nilipiga hesabu ya kodi ya shamba, mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa, mafuta ya pampu, vibarua na matenga. Katika mapato niliweka bei ya chini ya sokoni, siyo ile ya juu ambayo kila mtu huisimulia. Nilipanda Tanya, mbegu iliyotolewa mwaka 1997 pamoja na Tengeru 97, ambayo wakulima huipendea ganda lake gumu linalovumilia safari ndefu ya lori. Bwana shamba alipita mara kwa mara, na alichoelekeza nilikifanya.

Mpango huo ulikufa kabla ya mchumo wa pili.

Naandika habari hii kwa sababu tangu wakati ule nimekutana na watu wengi waliofika pale nilipofika mimi, kila mmoja kwa njia yake. Mwingine kuku wake walikufa wote kwa mdondo katika wiki moja. Mwingine aliacha kazi afungue duka la dawa, na kibali hakikutoka. Mwingine alisubiri matokeo ya kidato cha sita akijua anakwenda kusomea udaktari, alama zikampeleka kwingine. Mwingine harusi ilivunjika kadi za mchango zikiwa zimeshasambazwa na ukumbi umelipiwa. Wengi wao nimewaona wakiumia zaidi katika miezi iliyofuata kuliko siku yenyewe ya pigo, na nilichojifunza shambani kinahusu miezi hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekuja kuamini kwamba hasara bila daftari haiishi.

Ishara ya kwanza niliiona kwenye majani. Joto la Septemba lilikuwa limeanza, na katikati ya shamba kulikuwa na mashina ambayo majani yake yalikuwa na viraka vyeupe. Nilichuma jani moja nikaliinua juani. Jani lina ngozi mbili, ya juu na ya chini. Katikati ya ngozi hizo alikuwamo kiwavi wa kijani hafifu, mdogo kuliko punje ya mchele, na nyuma yake kulikuwa na mstari wa kinyesi cheusi. Alikuwa anakula nyama ya jani na kuziacha ngozi zote mbili zikiwa nzima. Nilimtazama akisogea humo ndani. Dawa niliyokuwa nimepiga siku iliyotangulia ilikuwa bado inanuka juu ya jani.

Baadaye akaingia kwenye matunda. Kwa nje nyanya ilionekana safi, ila karibu na kikonyo kulikuwa na tundu dogo la kupita sindano. Mnunuzi wa kutoka Dar es Salaam alikuja kutazama mchumo wa kwanza. Alichukua nyanya moja kutoka kwenye tenga, akaipasua kwa kidole gumba, akanionyesha mtaro mweusi uliopita katikati ya nyama. Akachukua ya pili, na ya tatu. Hakunivunjia heshima. Alisema tu, "Mama, hizi hazifiki Dar," akaenda kwenye shamba jingine.

Mdudu huyo wataalamu humwita Tuta absoluta, na wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Miaka miwili baadaye alikuwa ameshavuka bahari hadi Moroko, Aljeria na Tunisia. Akashuka Sudani, akapita Ethiopia, na mwaka 2014 akaripotiwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Penye joto, kizazi kizima kuanzia yai hadi nondo hukamilika kwa chini ya mwezi mmoja, kwa hiyo kwa mwaka vizazi kumi na zaidi vinaweza kupita juu ya shamba moja. Kwa kuwa kiwavi hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa nyingi hazimfikii, na zinazomfikia nyingi ameshazizoea. Akiachwa, anaweza kumaliza shamba lote. Nilibadilisha dawa kama nilivyoelekezwa, nikaokota matunda yaliyotobolewa, nikang'oa mashina yaliyozidiwa. Alikuwa anazaliana kwa kasi kuliko mikono ya vibarua wangu wote.

Haya yote niliyajua baadaye. Katika majuma ya mwanzo nilichojua ni kwamba kila kitu kimekwisha, na hilo "kila kitu" ndilo lililokuwa likinitesa. Mchana nilijishughulisha. Usiku hasara ilikua. Niliwaza mkopo, halafu nyumba, halafu mama, halafu umri wangu, halafu watu walionishauri nisilime, halafu nikaanza upya kutoka mwanzo. Usiku nilikuwa nadaiwa na dunia nzima. Hakuna aliyekuja kunidai bado, lakini kwa sababu sikuwa nimeandika nadaiwa na nani na kiasi gani, kila mtu niliyemfikiria aligeuka mdai.

Watu walikuja na maneno mema. Mungu atajalia. Kuteleza si kuanguka. Utapata kingine. Waliyasema kwa upendo, na nawashukuru hadi leo. Ila maneno yale hayakuwa na mahali pa kushika, maana hata mimi nilikuwa sijui ninafarijiwa kwa hasara ya ukubwa gani. Wengine walikuja na maneno ya namna nyingine. Shamba la jirani mmoja halikuguswa, na wapo walioninong'oneza kwamba langu limechezewa, kwamba pale kuna mkono wa mtu. Mtu aliyevunjika moyo husikiliza maneno kama hayo kwa masikio mawili, kwa sababu yanampa wa kumlaumu. Jirani yule alikuwa amepanda mahindi. Kantangaze hali mahindi.

Msiba wa mtu una utaratibu wake kwetu. Watu hukusanyika, hula pamoja, hulia, na siku ikifika matanga huanuliwa, mwenye msiba akajua kwamba kesho anapaswa kufungua mlango wake na kuendelea na maisha. Mpango unaokufa hauna matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe sebuleni, na hakuna siku ambayo mtu mzima anasimama na kusema sasa basi, tumemaliza. Ndiyo maana mtu anaweza kuuomboleza mpango mmoja miaka kumi bila mwenyewe kujua kwamba anaomboleza.

Aliyenianulia matanga yangu alikuwa bwana shamba, naye hakukusudia hivyo. Alikuwa anaandaa taarifa ya kata kuhusu mdudu huyu, akaniomba takwimu. Alitaka kujua eneo lililopandwa, idadi ya mashina kwa mstari, dawa zilizopigwa na tarehe zake, siku niliyomwona kiwavi wa kwanza, kilichovunwa na kilichotupwa. "Dada, najua ni kazi ngumu kwa sasa," aliniambia, "lakini nisipokuwa na namba, huko juu watasema ni maneno ya wakulima." Nilikaa na daftari kwa ajili yake. Nilipomaliza kuandika alichokihitaji yeye, sikuiweka kalamu chini. Nikafungua ukurasa mpya nikaandika madeni.

Yalikuwa manne. Kikoba, duka la pembejeo, vibarua wa palizi ya mwisho, na kaka yangu. Nilipoyatazama kwenye karatasi, yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa manne. Dunia nzima haikuwamo. Mjomba niliyekuwa nikimkwepa kwa aibu hakuwamo. Majirani wa mtaani wanaopita mbele ya kuta zangu zisizo na bati hawakuwamo. Usiku ule nililala, na sababu ilikuwa moja tu: hasara yangu ilikuwa imepata mipaka.

Ukurasa uliofuata niliandika vilivyobaki, na hapo ndipo nilipopata mshangao. Pampu ilikuwa nzima. Mipira ya kumwagilia ilikuwa nzima. Kodi ya shamba ilikuwa imelipwa mpaka mwaka uliofuata. Matenga niliyonunua mapema kabla bei haijapanda yalikuwa yamepangwa ghalani, mapya, hayajaona nyanya. Nilikuwa na bomba la kupulizia, na kamba na vijiti vya kuegeshea. Nilikuwa pia na kitu kisichoshikika, jicho. Kwa wakati ule wachache sana pale bondeni wangeweza kutazama jani na kusema kwa hakika huyu ni kantangaze, si mdudu mwingine, na yuko kwenye hatua fulani. Mimi ningeweza. Kabla ya kuandika, vitu vyote hivyo vilikuwa vimezikwa pamoja na nyanya. Niliviona kama sehemu ya maiti.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa sababu. Niliuandika kwa msaada wa bwana shamba, na ndio uliobadilisha namna ninavyojitazama. Safari ya yule nondo kutoka Amerika ya Kusini hadi Kilolo niliiandika mwaka kwa mwaka. Nilipokuwa nikijenga msingi wa nyumba yangu, alikuwa tayari yuko Afrika Kaskazini. Nilipofikisha kuta usawa wa madirisha, alikuwa Ethiopia. Mpango wangu na yeye vilikuwa vinaelekea bonde moja, kila kimoja kwa njia yake, na hakuna mwanadamu wa Ilula aliyemtuma. Nilipolielewa hilo, nilikwenda kumsalimia jirani yule wa mahindi. "Kamwene," nikamwambia, naye akanijibu kwa uchangamfu uleule wa siku zote, bila kujua kwamba jina lake lilikuwa limetajwa vibaya masikioni mwangu. Ukitaja sababu ya kweli ya hasara yako unawaokoa na watu wengine pia. Udugu na ujirani mwingi umekufa kwa sababu mtu alipata hasara isiyoelezeka akaitafutia mwenye kosa.

Baada ya daftari ilibaki kazi. Dawa ya deni ni kulipa, na asiye na cha kulipa bado ana jambo moja anaweza kulifanya, nalo ni kwenda. Nilianza na vibarua. Kiasi chao kilikuwa kidogo kuliko cha wengine wote, lakini wao walikuwa wanakula kwa ujira ule. Matenga mapya niliwauzia wakulima wa vitunguu na wa matunda waliokuwa wakiyahitaji, na fedha ile ikamaliza deni la palizi. Katika madeni, udogo wa kiasi usikudanganye. Deni dogo kwako linaweza kuwa chakula chote cha jioni kwa mwenzako.

Kikoba kilihitaji moyo zaidi. Kwa wasiokijua, kikoba ni kikundi cha watu wasiozidi thelathini hivi wanaonunua hisa kila wanapokutana na kukopeshana kutokana na hisa hizo. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ili sanduku lisifunguke isipokuwa mbele ya wote. Wanachama hugawanywa katika vikundi vidogo vya watano wanaodhaminiana. Utaratibu huu mizizi yake iko Niger, ambako mwaka 1991 wanawake wa vijijini walianza kuweka na kukopeshana kwa msaada wa shirika la CARE, nao ukafika kwetu yapata miaka kumi baadaye. Walioubuni walijua kwamba mmoja atakwama. Kudhaminiana kuna maana gani kama hakuna anayetarajiwa kukwama? Mimi nilikuwa nimeingia kwenye utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya siku kama yangu, na bado niliona aibu kana kwamba ni mimi wa kwanza.

Nilikwenda kwa wadhamini wangu wanne kabla ya siku ya mkutano, nyumba kwa nyumba, ili wasiisikie habari hadharani. Hisa zao ndizo zilizokuwa zimesimama nyuma ya mkopo wangu, hivyo walikuwa na haki ya kujua mapema. Mmoja alikasirika, na hasira yake niliipokea. Siku ya mkutano mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye amelea watoto na wajukuu kwa biashara ya kuuza ulanzi na mboga, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, mkononi una nini?" Nilifungua ukurasa wa vilivyobaki nikausoma. Nikawasomea pia jinsi ninavyofikiri kuvitumia. Waliniongezea muda wa marejesho. Riba hawakuifuta, na walikuwa sahihi, kwani riba ya kikoba ni ya wanachama wote na hurudi kwao mwisho wa mzunguko. Ningekwenda na machozi peke yake, nadhani wangenihurumia, lakini huruma haina kifungu kwenye katiba ya kikundi. Hesabu iliyosomwa mbele yao iliwapa kitu cha kuamua.

Mwenye duka la pembejeo naye alikubali kulipwa kidogo kidogo. Deni lililonisumbua kupita yote lilikuwa la kaka. Kikoba kina kanuni, duka lina risiti, ila deni la ndugu halina tarehe, halina riba wala shahidi. Kaka alikuwa amenipa akiba aliyokusanya kwa kuendesha bodaboda, na tangu nyanya zife hakuwa ameitaja hata mara moja. Alifikiri ananisitiri. Ukweli ni kwamba kila tulipokaa kula, fedha ile ilikaa nasi mezani. Nilimwonyesha daftari. Alipoona jina lake limeandikwa pamoja na wengine, na kiasi kamili, na zamu yake ya kulipwa, alinyamaza kidogo akasema, "Mimi nilidhani umesahau." Kumbe wakati mimi nilifikiri ananivumilia, yeye alikuwa anafikiri nimemdharau. Ndugu wengi wamepotezana katika kimya cha namna hiyo, kila mmoja akidhani anamstahi mwenzake. Deni la ndugu liandikwe kabla ya mengine yote.

Shamba lenyewe lilikuwa na masharti yake. Kantangaze hujigeuza kuwa buu na kukaa udongoni, na chakula chake si nyanya peke yake. Anakula bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, hata mnavu tunaouchuma kwa mboga. Bwana shamba aliniambia jamii hiyo yote isionekane pale kwa muda. Masalia ya nyanya niliyakusanya, tukachimba shimo refu tukayafukia ili nondo wasitoke. Kisha nikapanda maharage, na baada yake vitunguu, zao ambalo watu wa Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima, wamelizoea miaka mingi. Pampu nikawa nawakodisha majirani siku ambazo siitumii. Fedha iliyotoka humo haikufanana na ile ya ndoto ya nyanya. Ilikuwa ya kulipia rejesho na chakula, basi. Lakini kila rejesho lilipoandikwa, deni lilipungua kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nashuhudia likipungua.

Hapa nataka kusema neno kwa wanaoharakisha. Mpango ukianguka, kishawishi kikubwa ni kuinuka na mwingine mkubwa zaidi, utakaofuta aibu kwa mkupuo mmoja. Nilishauriwa kukopa kwingine nilime nyanya ekari mbili ili "nirudishe". Ardhi ilinikatalia kwa sababu mdudu alikuwa bado yumo, na ninaishukuru. Mtu aliyetoka kwenye hasara bado ana uchungu, na uchungu hupenda dau kubwa. Mazao madogo ya kupumzisha udongo yalinipa nafasi ya kupumua mimi pia, na yalinirudishia jambo ambalo hasara ilikuwa imelichukua kabla ya fedha, yaani imani kwamba nikipanda kitu kinaweza kuota.

Nyanya nilizirudia baadaye, sehemu ndogo, kwa njia nyingine. Nilitega mitego ya beseni. Unaweka maji na sabuni ya unga kidogo, na juu yake unaning'iniza chambo chenye harufu inayofanana na ya nondo jike. Madume huja na kuzama. Asubuhi unawahesabu na kuandika. Idadi ikipanda ghafla, unajua mayai yanakuja, na unachukua hatua kabla majani hayajaonyesha kitu. Wakulima wenzangu walianza kupita kuuliza mitego inasemaje. Daftari lililoanza kwa ajili ya kuhesabu kilichokufa lilikuwa limegeuka kuwa la kutabiri.

Na nyumba? Mpango wa awali ulikuwa vyumba vinne, sebule na baraza. Kuta za matofali ya kuchoma zisizo na paa hazivumilii masika mengi. Maji huingia juu ya lenta, udongo wa kuunganishia hulegea, kona zinaanza kufunguka. Nilimwita fundi, tukatembea ndani ya boma lile tukiangalia kuta moja moja. Tuliamua kuezeka vyumba viwili na sebule, na kuta za upande mwingine kuzishusha, matofali yake yajenge jiko na choo. Kumtazama fundi akishusha kwa nyundo ukuta ambao nilikuwa nimeulipia tofali kwa tofali kuliniuma. Lakini tofali lilishuka likiwa zima, likapanguswa, likapangwa pembeni, likajengewa jiko. Mama amehamia. Yuko karibu na hospitali, kama tulivyotaka, katika nyumba ndogo kuliko tuliyoichora. Hapo ndipo nilipotenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyafunga pamoja: nilichokitaka, na njia niliyoichora ya kukipata. Njia ilikufa Ilula. Nilichokitaka kilikuwa hai wakati wote.

Sisemi kwamba hasara ni baraka. Wapo wanaosema hasara ni mwalimu, na kwamba yote hutokea kwa ajili ya kutufunza. Nyanya zangu hazikufa ili mimi nifunzwe. Zilikufa kwa sababu mdudu alizila, na watu walikosa ujira, na wenzangu wa kikoba waliishi na wasiwasi juu ya hisa zao, na mama alikaa mbali na hospitali kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Nilichojifunza nilikichuma humo kwa kazi, na ningefurahi kukipata kwa bei ndogo zaidi. Daftari nalo halirudishi kilichopotea. Kuna hasara ambazo safu zake hazijaziki, ya miaka, ya mtu uliyempenda, ya afya. Hata hizo, nimewaona watu wakisimama walipoweza kuzitaja kwa ukamilifu: hiki kimeondoka, hiki hakikuondoka, huyu namwia, huyu simwii.

Kwa hiyo wewe ambaye mpango wako umeanguka mwezi huu, sikuombi uwe na moyo mkuu. Moyo utakuja baadaye. Chukua karatasi. Andika kilichopotea kwa kiasi chake, bila kupunguza na bila kuongeza. Andika unaowadai na wanaokudai, na ndugu uwaweke juu. Andika kilichobaki mkononi, hata kile unachokiona ni sehemu ya maiti, hasa hicho. Andika sababu unayoijua kwa hakika, na usiandike jina la mtu mahali ambapo hujui. Kisha anza na yule ambaye usipomlipa hatakula, umfuate wewe kabla hajakufuata, ukiwa na karatasi hiyo mkononi.